Kabla ya Tingatinga Kuingia Shambani: Jinsi ya Kupima na Kupanga Timbo la Murram

Mwenye shamba anapofuatwa na mwanakandarasi au dalali anayetafuta murram, swali la kwanza kuulizwa huwa ni bei ya lori moja. Mazungumzo hufanyika chini ya mwembe, malipo ya awali hutolewa, na kesho yake tingatinga liko shambani. Miezi michache baadaye murram imekwisha, malori yamehama, na familia imebaki na shimo lisilolimika ambalo hujaa maji kila masika.

Mambo si lazima yaishie hapo. Barabara zetu nyingi za mashinani hutegemea murram, na uchimbaji uliopangwa vizuri humpa mwenye shamba mapato bila kumharibia ardhi. Kinachohitajika ni kujua mambo matatu kabla ya kuuza lori la kwanza: kuna murram kiasi gani chini ya ardhi, ni ya ubora gani, na shamba litakuwaje uchimbaji ukikamilika. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuyajua, hatua kwa hatua.

Murram ni nini, na hupatikana wapi

Murram ni changarawe iliyojiunda ardhini kwa maelfu ya miaka. Maji ya mvua huosha madini yanayoyeyuka kwa urahisi na kuyapeleka chini, huku madini ya chuma yakibaki na kugandana kuwa punje ngumu za rangi nyekundu au kahawia. Mara nyingi tabaka hilo hupatikana kwenye miinuko na kando za miteremko, na si kwenye mabonde. Huwa chini ya udongo wa juu, na chini yake huwa kuna udongo wa mfinyanzi au mwamba uliooza.

Katika Kaunti ya Kilifi, ardhi hubadilika mtu anavyotoka baharini kuelekea bara. Kandokando ya pwani kuna mawe ya matumbawe. Nyuma yake kuna miinuko ya mchanga mwekundu wa Magarini. Kambe kuna mawe ya chokaa, na Mariakani kuna mawe ya mchanga. Kwa hivyo mashamba mawili yaliyo umbali wa kilomita chache yanaweza kuwa na vitu tofauti kabisa chini yake.

Hapa ndipo kosa la kawaida hutokea. Si kila ardhi nyekundu ni murram. Mchanga wa Magarini ni mwekundu, lakini hauna punje ngumu za changarawe. Ukimwagwa barabarani, magurudumu huutawanya wakati wa kiangazi na mvua huuzoa. Rangi peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Hatua ya kwanza: kutembea na kutazama

Kazi ya upimaji huanza kwa miguu. Dalili za murram huonekana kabla ya kuchimba, hasa katika sehemu hizi:

Kingo za barabara zilizokatwa kilimani, ambako matabaka ya ardhi huonekana wazi kutoka juu hadi chini.

Udongo uliotolewa wakati wa kuchimba kisima au choo. Aliyechimba choo cha boma hukumbuka alikutana na nini, na katika kina gani.

Vichuguu. Mchwa hupandisha juu punje ndogo kutoka chini, na punje ngumu nyekundu kwenye kichuguu huashiria kilichopo.

Mitaro iliyochimbwa na maji ya mvua, na mahali ambapo jembe hugonga kitu kigumu kila msimu wa kulima.

Wazee wa kijiji wana mchango mkubwa katika hatua hii. Wanajua mahali ambapo murram iliwahi kuchimbwa zamani, na wanajua pia mambo ambayo hayaonekani: makaburi, maeneo ya kaya, na njia za maji ambazo hupita wakati wa mvua kubwa peke yake.

Hatua ya pili: mashimo ya majaribio

Shimo moja halitoshi. Tabaka la murram huweza kuwa nene sehemu moja na kupotea kabisa hatua ishirini mbele. Njia inayoaminika ni kupima eneo kwa kamba na vigingi, kuligawa katika miraba, kisha kuchimba shimo la majaribio katikati ya kila mraba. Kwa shamba la ekari mbili, mashimo tisa katika safu tatu hutoa picha nzuri.

Kila shimo huchimbwa hadi murram iishe na udongo wa chini uonekane. Katika kila shimo huandikwa mambo manne: unene wa udongo wa juu, unene wa murram, aina ya udongo ulio chini yake, na kama kuna maji. Daftari la shule na futi ya fundi vinatosha kwa kazi hii. Ni muhimu kila shimo lipewe nambari na kuchorwa mahali lilipo, ili mtu mwingine aweze kuhakikisha vipimo hivyo.

Usalama uzingatiwe tangu hapa. Mtu asiingie kwenye shimo jembamba linalomzidi kifua bila kuta kuegemezwa kwa mbao, kwa sababu udongo huporomoka bila onyo. Shimo lililokwisha kupimwa lifukiwe siku hiyo hiyo, ili mtoto au mfugo asitumbukie usiku.

Hatua ya tatu: hesabu

Tuchukue mfano wa shamba la takriban ekari mbili, lenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 80. Eneo lote ni mita za mraba 8,000. Dalali amechimba shimo moja upande wa juu, akapata murram yenye unene wa mita 1.5. Anamwambia mwenye shamba hivi:

8,000 x 1.5 = mita za ujazo 12,000.

Hesabu hiyo ina makosa mawili. Kwanza, shamba lote haliwezi kuchimbwa. Lazima ubaki ukingo kando ya mpaka wa jirani, barabara na nyumba. Ukingo wa mita 10 kila upande ukiachwa, eneo linalobaki ni mita 80 kwa mita 60, yaani mita za mraba 4,800.

Pili, unene si sawa kila mahali. Mashimo tisa yalipochimbwa, safu ya juu ilitoa unene wa mita 1.4, 1.5 na 1.2. Safu ya kati ilitoa 1.3, 0.8 na 1.0. Safu ya chini, iliyo karibu na bonde, haikuwa na murram bali udongo wa mfinyanzi mtupu. Kwa hivyo theluthi moja ya eneo inaondolewa, na zinabaki mita za mraba 3,200. Wastani wa unene katika mashimo sita ni mita 1.2.

3,200 x 1.2 = mita za ujazo 3,840.

Si yote itakayofika barabarani. Sehemu ya chini huchanganyika na mfinyanzi, na mawe makubwa hutupwa. Asilimia 15 ikiondolewa, zinabaki mita za ujazo 3,264. Hiyo ni kidogo kuliko theluthi moja ya kiasi alichokitaja dalali.

Tofauti hiyo humgusa mwenye shamba moja kwa moja. Murram ikichimbwa huvimba, kwa sababu hewa huingia kati ya punje. Tukikadiria kwamba mita moja ya ujazo ardhini huwa mita 1.3 kwenye lori, mita 3,264 zitakuwa takriban mita 4,243, sawa na safari 424 za lori la mita kumi. Hesabu ya dalali ingetoa safari 1,560. Familia iliyokopa pesa au kuahidi karo ikitegemea safari 1,560 itajikuta mashakani kabla ya mwaka kuisha.

Humgusa mkazi anayengoja barabara pia. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 6, ikiwekwa murram ya unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, huhitaji mita 1,000 x 6 x 0.15, yaani mita za ujazo 900. Murram ikishindiliwa barabarani hupungua. Tukikadiria upungufu wa asilimia 10 ikilinganishwa na ilivyokuwa ardhini, timbo letu litatoa takriban mita 2,940 zilizoshindiliwa, ambazo zinatosha kilomita 3 na kidogo. Kama barabara ni ya kilomita 5, kazi itakwama njiani, au kilomita za mwisho zitawekwa tabaka jembamba litakaloondoka na mvua ya kwanza. Mara nyingi barabara iliyoharibika mapema ilianza kuharibika pale timboni, siku ambayo hakuna aliyepima.

Viwango vya kuvimba na kupungua hutofautiana kati ya murram moja na nyingine, kwa hivyo mhandisi hupaswa kuvipima mahali husika badala ya kutegemea mfano huu.

Jambo jingine ni kipimo cha lori lenyewe. Lori linaloitwa la kumi huenda likabeba zaidi. Bodi yenye urefu wa mita 4.5, upana wa mita 2.3 na kimo cha mita 1.2 hubeba mita za ujazo 12.4. Mwenye shamba apime bodi ya kila lori kwa futi kabla halijapakia, na aweke daftari la safari linalotiwa sahihi na pande zote mbili kila jioni.

Hatua ya nne: ubora

Murram nzuri ya barabara huwa na mchanganyiko wa punje kubwa, punje ndogo, mchanga, na mfinyanzi kiasi wa kuzishikanisha. Mfinyanzi ukizidi, barabara huteleza na kushika magurudumu wakati wa mvua. Ukipungua mno, punje hutawanyika, vumbi hupanda, na barabara hufanya mawimbi kama bati.

Kuna majaribio rahisi yanayoweza kufanywa nyumbani ili kujua kama inafaa kuendelea.

Jaribio la chupa: chupa angavu hujazwa murram hadi theluthi moja, maji huongezwa, ikatikiswa vizuri na kuachwa. Changarawe na mchanga hutuama katika dakika ya kwanza au mbili. Mfinyanzi huendelea kutuama hadi kesho yake. Unene wa kila tabaka huonyesha mchanganyiko ulivyo.

Jaribio la uzi: sehemu laini iliyochekechwa hulowanishwa na kuviringishwa kiganjani hadi iwe uzi mwembamba wa milimita 3. Isiposhikana kabisa, haina gundi ya kutosha. Ikishikana sana na kuweza kukunjwa tena na tena, mfinyanzi umezidi.

Jaribio la nyundo: punje hulowekwa usiku kucha, kisha hugongwa. Punje zinazolainika majini au kuvunjika kwa vidole hazitahimili malori.

Majaribio haya hayachukui nafasi ya maabara. Kabla ya murram kutumika kwenye barabara ya umma, sampuli hupelekwa kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi. Huko hupimwa ukubwa wa punje, kiasi cha kunata, na nguvu ya kubeba mzigo baada ya sampuli kulowekwa majini kwa siku nne. Kipimo hicho cha nguvu, kinachofahamika kwa wahandisi kama CBR, hulinganisha murram na kokoto sanifu zilizopondwa na kutoa jibu kwa asilimia.

Sampuli ichukuliwe kwa haki. Anayechota punje nzuri za juu peke yake anaidanganya barabara. Ukuta wa shimo hukwanguliwa kutoka juu ya tabaka hadi chini. Rundo linalopatikana huchanganywa na kugawanywa mara nne, sehemu mbili zinazokabiliana hutupwa, na zinazobaki huchanganywa tena, hadi ipatikane gunia moja linaloiwakilisha murram yote ya shimo hilo.

Hatua ya tano: sheria na vibali

Wakazi wengi huamini kwamba mwenye hati miliki ana uhuru wa kuchimba chochote kilicho chini ya shamba lake. Sivyo. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inatambua mchanga, changarawe, mawe na udongo wa ujenzi kuwa madini ya ujenzi, na uchimbaji wake wa biashara unahitaji kibali. Hati miliki humpa mwenye shamba haki ya kushirikishwa na kulipwa, lakini haichukui nafasi ya kibali.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi ya uchimbaji ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na kupata leseni ya NEMA kabla ya kazi kuanza. Tathmini hiyo si karatasi ya kuridhisha ofisi. Ndiyo hati inayoeleza timbo litachimbwa hadi kina gani, maji yataelekezwa wapi, malori yatapita njia ipi, na ardhi itarejeshwa vipi. Jirani asiyeridhika na leseni iliyotolewa ana siku 60 za kukata rufaa katika Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira.

Kwa ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema makubaliano na mwekezaji si halali mpaka yaidhinishwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Sahihi za wazee watatu hazitoshi. Na pale ambapo hati ya shamba bado ina jina la marehemu, familia ikamilishe urithi kwanza, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuuza kwa niaba ya warithi wote.

Hatua ya sita: kupanga mwisho kabla ya mwanzo

Mpango wa timbo huchorwa kuanzia siku ya kufunga. Mwenye shamba ajiulize anataka ardhi hiyo itumike kwa nini baadaye: kulima, kupanda miti, malisho, au bwawa la maji lililo salama. Jibu hilo ndilo linaloamua mambo mengine yote.

La kwanza ni udongo wa juu. Huo ndio wenye rutuba, na ukipotea haununuliki. Katika mfano wetu, udongo wa juu una unene wa wastani wa sentimita 40. Juu ya mita za mraba 3,200, hiyo ni mita za ujazo 1,280 zinazohitaji mahali pa kukaa. Ile theluthi ya chini isiyo na murram, yenye mita za mraba 1,600, inatosha kuwa ghala lake. Udongo huo usichanganywe na taka za timbo, wala usirundikwe kama mlima. Upandwe nyasi ili mvua isiuzoe.

La pili ni kuchimba kwa vipande. Kipande cha kwanza kikiisha, udongo wa juu wa kipande cha pili hutandazwa moja kwa moja juu ya kile kilichokwisha. Kwa njia hii shamba halibaki wazi lote kwa wakati mmoja, na mwanakandarasi akiondoka ghafla, hasara ni ya kipande kimoja.

La tatu ni maji. Sakafu ya timbo iachwe na mteremko mdogo, na mtaro uchimbwe upande wa juu kuzuia maji ya mvua kuingia. Shimo lililochimbwa ndani ya mfinyanzi huwa bakuli. Maji yake yakisimama huzaa mbu, na watoto huvutiwa kuogelea wasijue kina. Maisha ya watoto yamepotea katika matimbo yaliyoachwa wazi sehemu nyingi za nchi yetu.

La nne ni kuta. Wakati wa kazi, vijana wasichimbe pango chini ya ukuta ili udongo wa juu uanguke wenyewe. Njia hiyo huokoa jasho la saa moja na imewafukia wengi. Kazi ikiisha, kuta zilazwe ziwe mteremko ambao ng'ombe anaweza kupanda na kushuka. Kipimo cha mita tatu za ulalo kwa kila mita moja ya kimo kinafaa.

Funzo kutoka Bamburi

Aliyefika Haller Park huko Bamburi, Mombasa, ameona timbo lililorejeshwa. Hapo palichimbwa mawe ya matumbawe ya kutengenezea saruji kuanzia miaka ya 1950. Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kazi ya kurudisha uhai juu ya mwamba mtupu uliokuwa karibu na maji ya chumvi. Katika aina 26 za miti zilizojaribiwa, tatu ndizo zilizostahimili, ukiwemo mvinje. Majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza upesi, na ikabidi jongoo waletwe ili wayale na kuyageuza udongo. Leo kuna msitu, mabwawa na wanyama.

Kazi hiyo ilichukua miaka mingi na kuungwa mkono na kampuni kubwa ya saruji. Familia yenye ekari mbili haina uwezo huo. Lakini ina kitu ambacho Bamburi haikuwa nacho wakati urejeshaji ulipoanza: udongo wake wa juu bado upo, kama hautauzwa wala kutupwa. Anayeutunza udongo huo ana nafasi ya kurudi kulima baada ya misimu michache ya mbolea na kunde.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Mkazi anayefuatwa na mnunuzi wa murram anashauriwa kupata majibu ya maswali haya kwa maandishi:

1. Mashimo mangapi ya majaribio yamechimbwa, na vipimo vyake viko wapi?

2. Maabara imesema nini kuhusu ubora?

3. Leseni ya NEMA na kibali cha uchimbaji viko kwa jina la nani, na vinaisha lini?

4. Malipo ni kwa lori au kwa mita ya ujazo, na nani anapima bodi ya lori?

5. Mwisho wa uchimbaji ni kina gani, na ukingo wa mita ngapi utaachwa kwa majirani?

6. Udongo wa juu utahifadhiwa wapi?

7. Nani atasawazisha na kupanda, kwa pesa zipi, na sehemu gani ya malipo itazuiliwa mpaka kazi hiyo ikamilike?

Swali la saba ndilo husahaulika zaidi, na ndilo linalolinda shamba. Mwanakandarasi ambaye bado anadai sehemu ya pesa zake hurudi kusawazisha. Aliyekwisha kulipwa zote huwa vigumu kumpata hata kwa simu.

Anayehitaji ushauri anaweza kuanzia ofisi ya msimamizi wa wadi au ya chifu, ambako ataelekezwa kwa maafisa wa mazingira, ardhi na barabara. Aende akiwa na daftari la vipimo mkononi, na kabla hajapokea malipo ya awali.